Gede: Andalusi Yetu Iliyo Kando ya Barabara ya Malindi



Ndugu msomaji, hapa kwetu Majengo kila Ramadhani darsa za baada ya tarawehe hazikosi, na katika darsa hizo haikosi siku moja ya Andalusi. Ustadh huanza na Tariq bin Ziyad alipovuka bahari mwaka 711, akapita Cordoba na maktaba zake, akashuka mpaka Januari ya mwaka 1492 funguo za Granada zinapokabidhiwa, na hapo sauti yake hubadilika. Wazee hutoa leso. Na mimi nimelia mara moja, sioni haya kusema.

Basi mwaka huu nataka nikuulize swali lililonikaa kooni tangu mwezi wa Shaabani. Je, umewahi kuililia Gede?

Wengi wetu twaijua Gede kwa dirisha la matatu. Watoka Mombasa, wavuka daraja la Nyali, wapita Mtwapa, wapita Kilifi na daraja lake, kisha ukikaribia njia panda ya Watamu utingo apiga ubavu wa gari: "Gede! Gede wako?" Wateremka kina mama wawili na mafurushi yao, gari laondoka kwenda Malindi. Unachokiona ni vibanda vya maembe, bodaboda, na nyuma yake miti. Huambiwi kwamba nyuma ya miti ile kuna mji mzima wa Waislamu, una misikiti, kasri, makaburi, visima, na kuta mbili za kuuzunguka.

Mimi nilifika mara ya kwanza nikiwa darasa la sita, katika matembezi ya shule. Tulirukaruka juu ya kuta kama kima. Nilikaa ndani ya mihrabu ya Msikiti Mkubwa nikala viazi vya karai, mwenzangu akanipiga picha. Nami wakati huo nilikuwa nimekwisha hifadhi juzuu mbili madrasa, na kila siku naswali nyuma ya imamu aliyesimama mbele ya mihrabu. Lakini ile sikuijua kuwa ni mihrabu. Nilidhani ni mlango uliozibwa. Picha ile ninayo hadi leo, na siionyeshi mtu.

Mji ulio msituni

Pwani yetu haina milima ya kutisha kama ya Andalusi. Gede imekaa juu ya ardhi ya matumbawe ya kale iliyoinuka kidogo, bahari ikiwa kama kilomita 6 upande wa mashariki, na hori la Mida likiwa karibu zaidi, kama kilomita 3. Upande wa bara ndiko uliko msitu wa Arabuko-Sokoke. Hapa ndipo penye fumbo la kwanza: miji yetu mingi ya Waswahili iliketi ufuoni, jahazi zitie nanga mbele ya mlango. Mombasa, Malindi, Lamu, Jumba la Mtwana hapa Mtwapa, zote zaangalia maji. Gede ilijificha.

Hata jina si la wenyewe. Inasemekana Gede ni neno la Kioromo, maana yake kitu cha thamani, na mji uliitwa hivyo baada ya wenyewe kwisha kuondoka. Kuhusu jina la asili, wako wataalamu wanaodhani mji uliitwa Kilimani, kwa sababu ramani za zamani za Wazungu zina mahali paitwapo Quelman katika sehemu hizo. Kama ni kweli, basi watu wake walijihisi wako juu ya kilima, ijapokuwa sisi leo tukipita na gari hatukioni.

Ukiingia ndani, kitu cha kwanza ni kivuli. Joto la barabarani labaki nyuma. Mibuyu na miti mingine mikubwa imeota juu ya mji, mizizi imeshuka juu ya kuta na kuzikumbatia, na mahali pengine hujui kama ni ukuta unaoshikilia mti au mti unaoshikilia ukuta. Kima wako juu, wakutazama. Vipepeo ni wengi, na jirani hapo kuna mradi wa wenyeji wa kufuga vipepeo. Mtaalamu aliyeuchimba mji huu, James Kirkman, alianza kazi mwaka 1948 na kuendelea kama miaka 10, na yeye mwenyewe aliandika kwamba mwanzoni alikuwa akihisi kama kuna kitu nyuma ya kuta kinamwangalia. Wagiriama wa hapo nao wana habari zao za wazee wa mji, yaani mizimu, na kwa sababu ya hofu hiyo miti haikukatwa. Sisi tutasema yetu kuhusu itikadi hiyo, lakini tukubali kwamba imelinda misikiti yetu kuliko tulivyoilinda sisi.

Ukubwa wake ni kama ekari 45 ndani ya ukuta wa nje. Watu wake wanakadiriwa walifika kiasi cha 2,500 wakati mji ulipostawi, katika karne ya 15. Mwanzo wake wengi wanauweka katika karne ya 13, na watafiti wengine wanaurudisha nyuma zaidi.

Ushahidi ninaoupenda mimi ni kaburi. Kuna kaburi limeandikwa mwaka wa Hijria 802, sawa na mwaka 1399 wa Miladi. Fikiria hapo, ndugu yangu. Fundi aliyelichonga hakuhesabu kwa kalenda ya mtu yeyote ila yetu. Alijua Ramadhani ya mwaka ule iliingia lini. Huenda alifuturu kwa tende na maji ya kisima, akaamka siku ya pili kuendelea kuchonga.

Nyumba za Gede

Nyumba zao zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zao zilikuwa za boriti za mikoko, juu zimesawazishwa. Ndiyo maana vyumba vyote ni virefu na vyembamba: upana wake hauzidi mita 3 hivi, kwa sababu boriti haiwezi kubeba zaidi ya hapo. Ukiingia nyumba yoyote ya mawe pale Mji wa Kale utaona vipimo ni vile vile. Nyanya yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akikipima chumba kwa boriti, si kwa futi.

Nyumba za wenye uwezo zilikuwa na choo ndani, na kando ya choo jukwaa la kujitaharishia lenye mahali pa kuweka maji. Wakati huo London na Paris wangali wakimwaga ndoo barabarani. Najua vijana wapenda sana kusikia hilo, nami pia, lakini tusiishie kujisifu kwa vyoo vya mababu na vya kwetu mtaani tunavijua vilivyo.

Kirkman alizipa nyumba majina kwa vitu vilivyookotwa humo. Kuna Nyumba ya Bakuli la Kauri, Nyumba ya Kauri zile za pwani, Nyumba ya Fedha za Kichina, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Ushanga wa Venice, Nyumba ya Kasha la Pembe. Soma majina hayo taratibu: China, Bara Hindi, Ulaya, zote zimeingia katika mji wa watu 2,500 usio na bandari mbele yake. Vyombo vya Kichina viliwekwa hadi kwenye mihrabu, mabakuli yamepandikizwa ndani ya mawe kuwa pambo.

Kulikuwa pia na vyungu vilivyozikwa karibu na milango, vile vinavyoitwa fingo, vya kumzuia mwizi. Ndiyo, katika mji wenye misikiti yote ile. Ukitaka kucheka cheka, lakini ukimaliza tazama juu ya mlango wa duka la jirani yako kuna nini kimefungwa.

Na kuna nyumba inayoitwa Nyumba ya Mkasi. Mkasi wa chuma uliopatikana humo ulitambuliwa na wachimbaji kuwa umetoka Uhispania.

Hapo nilisimama. Mkasi wa Uhispania msituni Gede! Ulitengenezwa wapi, na fundi Mwislamu au Mkristo, hilo haliandikwi juu ya chuma. Lakini ulinifanya nirudi nyumbani kusoma upya habari za Andalusi, na safari hii nilisoma habari za mji mdogo tu wa mlimani, uitwao Ronda.

Mtu aliyeiona Mombasa na Ronda

Kuna mtu mmoja aliyeiona Mombasa na akaiona Ronda: Ibn Battuta wa Tangier. Mombasa alipita mwaka 1331 akielekea Kilwa, akalala usiku mmoja. Aliyoyataja wengi twayajua: kwamba ni kisiwa, watu wake ni wa madhehebu ya Shafi, ni wacha Mungu na wema, chakula chao ni ndizi na samaki, nafaka huletwa kutoka kwengine, na misikiti yao ni ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Akataja na tunda tamu linalofanana na zeituni, ambalo sisi tukisoma twasema moja kwa moja: zambarau.

Lakini kuna jambo alilolieleza kwa kirefu kuliko yote, nasi huliruka. Alieleza visima. Kila mlango wa msikiti, asema, una kisima kimoja au viwili, na maji yake yako dhiraa moja au mbili tu kutoka juu. Watu huteka kwa kata ya mti iliyotiwa mpini mwembamba. Ardhi ya kuzunguka msikiti imesakafiwa, mtu aosha miguu, na mlangoni kuna mkeka mzito wa kufutia. Yaani msafiri aliyekwisha kuona Makka na Misri, kilichomkaa kichwani kuhusu watu wa Mombasa ni jinsi walivyotawadha.

Miaka 19 hivi baadaye, mwaka 1350, mtu huyu huyu alivuka kwenda Andalusi akapanda mpaka Ronda, akakuta kadhi wa mji ni mtoto wa ami yake. Ronda iko juu ya jabali lililopasuliwa katikati na bonde la karibu mita 100 kwenda chini. Chini hupita mto Guadalevín, na wanasema jina hilo asili yake ni Kiarabu, Wadi al-Laban, mto wa maziwa. Ibn Battuta aliusifu mji kwa ngome yake. Hakuna jeshi lililoweza kupanda kuta zile kirahisi. Tatizo ni kwamba mji uko juu na maji yako chini. Waislamu walichonga ngazi ndani ya jabali lenyewe kushuka hadi mtoni, na inasimuliwa kwamba mateka ndio waliobebeshwa viriba kupandisha maji.

Mwaka 1485 jeshi la mfalme Ferdinand lilikuja na mizinga. Mizinga ilivunja kuta, lakini pigo lililoukata mji roho ni kwamba adui aliigundua njia ile ya maji akaifunga. Mwezi wa Mei Ronda ikasalimu amri. Mji usioingilika ukaanguka kwa kiu.

Baada ya Granada, mwaka 1492, yakafuata tunayoyajua: ahadi kuvunjwa, watu kubatizwa kwa nguvu, vitabu kuchomwa, na kuanzia mwaka 1609 hadi 1614 watu kama laki tatu kufukuzwa katika nchi waliyozaliwa.

Na sisi huku? Vasco da Gama alifika Mombasa Aprili 1498, miaka sita tu baada ya Granada. Mwaka 1505 Francisco de Almeida akauteka mji wetu na kuuchoma, na mwaka 1528 ukachomwa tena. Malindi wao walifanya urafiki na Wareno, na Wareno wakakaa Malindi karibu karne nzima, mwendo wa saa chache kwa miguu kutoka Gede. Lakini katika maandiko yao yote Gede haitajwi kwa jina hilo hata mara moja. Ama walilijua kwa jina lile la Kilimani, ama msitu uliuficha, ama watu wa Gede waliona heri wasijulikane. Mimi naelekea hilo la tatu, ingawa ushahidi wangu ni moyo tu.

Kwa nini waliondoka

Ukiuliza wazee kwa nini Gede ilihamwa utajibiwa kwa neno moja: waliasi. Nami nimelisikia jibu hilo tangu utotoni. Ni kweli Qur'ani katika Suratul Hajj, aya ya 45, yataja miji iliyoangamizwa ikiwa katika dhulma, na yataja kisima kilichoachwa na kasri lililoinuliwa. Ukisimama Gede, kisima kiko hapa na kasri liko pale, ni vigumu aya hiyo isikujie. Lakini kuhukumu kwamba watu hawa hasa waliasi, watu waliojenga misikiti kiasi kile katika mji mdogo kama ule, hiyo ni elimu ya ghaibu, na mimi na wewe hatukupewa.

Tunavyovijua ni hivi. Mwaka 1589 kundi la Wazimba lilitoka kusini, likaipiga Mombasa, likaendelea kuelekea Malindi, na huko likavunjwa kwa nguvu ya Wasegeju. Muda si mrefu baadaye shekhe wa Malindi alihamia Mombasa, Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, na sehemu ile yote ikabaki bila mwenyewe. Kisha Waoromo, ambao wazee wetu waliwaita Wagala, wakawa wanashuka kutoka kaskazini, na miji mingi ya bara ya pwani ikahamwa. Gede yaonyesha alama za hofu: mji wa mwisho ulijikunja ndani ya ukuta wa ndani, mdogo kuliko ule wa kwanza.

Na jambo jingine, ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya, ni maji. Kirkman aliona dalili kwamba kisima cha Msikiti Mkubwa kiliongezwa kina. Walichimba, kisha baadaye wakachimba tena kwenda chini. Mtu hachimbi kisima mara ya pili kwa kupenda.

Nieleze kidogo jinsi maji ya pwani yalivyo, kwa sababu sisi vijana wa mfereji hatujui. Jiwe la matumbawe lina matundu. Mvua ikinyesha, maji matamu hupenya yakakaa chini, yakielea juu ya maji ya chumvi ambayo ni mazito zaidi. Kwa hivyo chini ya miji yetu kuna tabaka la maji matamu, na chini yake ni bahari. Mvua ikipungua miaka kadhaa, au watu wakiteka zaidi ya kinachoingia, tabaka lile hukonda. Ukichimba zaidi kulifuata wapata mawili: ama jiwe kavu, ama chumvi.

Sasa rudi kwa Ibn Battuta. Mombasa ya mwaka 1331, maji dhiraa mbili kutoka juu, mtu ainama na kata. Gede ya mwisho, kamba ndefu na kina kilichoongezwa. Ikiwa udhu ni wa mara tano, na kupika kupo, na watoto wapo, na mbuzi wapo, hesabu hiyo haihitaji mtu wa chuo kikuu.

Kufikia mwanzoni mwa karne ya 17 wa mwisho walikuwa wameondoka. Angalia miaka, ndugu msomaji: ni takriban miaka ile ile ambayo wa mwisho wa Andalusi walikuwa wakipandishwa majahazini kupelekwa Maghrib. Hawa wakilia kwa lugha yao na hawa kwa yetu, hawajuani, na wote wameacha funguo za nyumba. Tofauti ni kwamba waliofukuzwa Andalusi wameandikiwa vitabu. Watu wa Gede hatuna hata jina la imamu wao mmoja.

Baada ya hapo msitu ulifunga mlango. Sir John Kirk, balozi wa Uingereza kule Unguja, alipita hapo mwaka 1884. Mwaka 1927 serikali ya kikoloni ikauweka mji chini ya ulinzi, akaja Kirkman, na mwezi Julai 2024 UNESCO ikaiingiza Gede katika orodha ya urithi wa dunia. Siku ile mitandaoni tulipongezana sana. Niliwauliza marafiki zangu 11 wa hapa mtaani ni nani aliyewahi kuingia ndani. Watatu, na wote kwa matembezi ya shule.

Safari ya Shaabani

Ndipo tukaenda. Tulikuwa vijana 20 wa jumuiya na ustadh wetu, Jumamosi, na chakula tumefunga: mahamri na mbaazi. Maji tulinunua pale pale kwenye njia panda, mitungi mitatu ya lita 20, kwa sababu tuliambiwa adhuhuri itatukuta ndani.

Msikiti Mkubwa una safu tatu za nguzo, kila safu nguzo sita, na nguzo ya katikati imesimama mbele ya mihrabu kabisa, kama katika misikiti yetu mingine ya zamani. Juu ya tao la mlango mmoja wa mashariki umechongwa mkuki. Paa hakuna. Mwangaza washuka kwa vipande vipande kupitia majani.

Adhuhuri ilipoingia ulizuka mjadala. Wengine walisema hapa si msikiti tena, ni makumbusho, watu waingia na viatu na tikiti. Ustadh akawauliza: msikiti ukianguka na watu wake wakaondoka, unakuwa mali ya nani? Kimya. Akatukumbusha tuliyoyasoma katika mlango wa wakfu, kwamba kwa madhehebu yetu ya Imam Shafi msikiti ukiporomoka hautoki katika uwakfu wake. Hauuzwi, wala haurudi kuwa mali ya mtu. Kijana mmoja wa kidato cha pili, mchokozi kidogo, akasema: "Kwa hivyo ustadh, tangu tulipoingia tuko msikitini?" Ustadh akasema ndiyo. Nikaona viatu vinavuliwa kimya kimya, kimoja kimoja. Mimi nikaikumbuka picha yangu na viazi vya karai, na sikuweza kumtazama mtu usoni.

Tulimuomba ruhusa mlinzi, mzee wa Kigiriama, naye akakubali ila akatuonya tusiegemee kuta. Tulitawadha kando ya kisima, tukijimwagia kwa kopo kutoka mtungini, mmoja amshikia mwengine. Yule mchokozi aliokota kijiwe akakitupa kisimani. Tukasikiliza wote. Kiligonga jiwe, kikagonga tena, kikanyamaza.

Nimekulia nyumba ambayo mfereji wake kwa siku nyingi hutoa upepo tu. Twanunua maji ya mkokoteni, na hamali akichelewa mama huanza kuhesabu: haya ya kupikia futari, haya ya udhu. Nyuma ya nyumba yetu kuna kisima cha babu. Bomba kubwa la Mzima lilipofika Mombasa miaka ya 1950 watu walivisahau visima, hichi chetu kikafunikwa ubao. Miaka michache iliyopita tulikifunua tukateka ndoo moja. Yalikuwa maji ya chumvi, hata ya kuoshea vyombo hayafai. Mama akarudisha ubao na jiwe juu yake.

Tuliswali jamaa pale, mikeka yetu ikiwa juu ya sakafu yao, ustadh akiwa mbele ya mihrabu ile. Sijui ni mara ngapi neno "Amin" limesemwa pale kwa miaka 400. Adhuhuri haina "Amin" ya sauti, lakini mimi niliisema moyoni kwa nguvu.

Tulipokuwa twakunja mikeka mzee mlinzi alikuja taratibu, akaitazama mitungi. Miwili ilikuwa mitupu, wa tatu ulibaki nusu. Akauliza kama twarudi nao Mombasa. Tukamwambia hapana, mzee, chukua. Akaubeba begani, akaondoka nao kupita katikati ya nyumba, kuelekea kibandani kwake.